Mama Yako Anapima, Hanyimi

Hodan, abti,

Assalaam aleikum. Mjomba wako nimekaa juu ya mfuko wa saruji nyuma ya stoo ya mama yako, penye kivuli, alasiri hii, na jua la Garissa linanikaanga kama sambusa. Kalamu ni ya kuazima. Lakini maneno ni yangu mwenyewe, na unajua kwamba katika mji huu hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno, hata yule wakili wa kule kortini aliyesoma mpaka nywele zikamtoka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nakisema mpaka ngamia wanageuza shingo, lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha, ila hili neno abti, tunaloitana mjomba na mpwa. Kiswahili nilikisoma hadi darasa la sita. Niliacha hapo kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Hivyo ndivyo ninavyosimulia mimi. Mama yako ana masimulizi mengine kuhusu siku ile, usimwulize.

Kesho asubuhi lori linaondoka kwenda Habaswein, nawe utakuwa ndani yake, kwenda kusimamia duka la huko. Mambo ya kuchemsha maji, kufuli mbili mlangoni, na kukung'uta viatu kabla ya kuvaa kwa sababu ya nge, shangazi zako wamekuambia, kila mmoja mara tatu. Sina la kuongeza huko. Nina jambo moja tu, na nitalizunguka kwanza, kwa sababu mimi sijawahi kwenda mahali kwa njia iliyonyooka.

Jambo lenyewe ni hili: leo ni siku ya saba hujasema na mama yako. Na nimesikia ukimwambia binamu yako Ayaan kwamba kesho utapanda lori bila kuingia chumbani kwake kuombewa dua. Usishangae nimesikia. Mabati ya stoo hayafichi kitu, na masikio yangu niliyalea porini.

Abti, usiondoke hivyo. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua kichwa chako ni kigumu kama changu, kwa hiyo ngoja nieleze.

Jumamosi iliyopita kina mama walikuja kukuaga. Wewe ulitaka ukumbi wa hoteli, hema jeupe, viti vilivyovalishwa vitambaa, na mpiga picha. Mama yako akasema tutakula anjera na nyama ya mbuzi hapa hapa uani, mkeka unatosha.  Halafu mbele ya watu akakupa zawadi ya safari, simu yake ya zamani iliyopasuka kona, akasema utakwenda na dereva Kuresh kwenye lori la bidhaa, maana linakwenda huko hata hivyo na kiti kimoja kiko wazi. Hapo ukalipuka.

"Hooyo, wewe ni bakhili!" ulisema kwa Kisomali. Kisha ukarudia kwa Kiswahili ili jirani yetu Mwalimu Kendi naye asipitwe: "Mkono wa birika! Una malori matatu na ndara zako umezifunga kwa kamba ya gunia!"

Mimi nilikuwa mlangoni na mfupa mkononi. Nimewahi kusimama mbele ya simba hatua nne, tukatazamana mpaka yeye akaona haya. Lakini Jumamosi niliogopa. Shangazi yako mmoja alikohoa kikohozi kisichokuwepo. Mama yako hakuinua uso. Alichukua flaski, akapitisha macho kwenye vikombe, kimoja kimoja, akauliza, "Nani hajapata chai?"

Hilo ndilo jibu lake lote mpaka leo.

Sasa nikuambie kitu. Bingwa wa kumwita mama yako bakhili si wewe. Ni mimi. Nilimwita hivyo kabla hujazaliwa, hadharani, tena kwa sauti iliyovuka mto. Wewe umesema siku moja. Mimi nilisema miaka. Ndiyo maana kazi ya kukuandikia nimejipa mwenyewe.

Baba yetu, babu yako ambaye hukumwona, alipofariki aliacha ngamia wengi. Sheria yetu unaijua, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kwa hiyo mimi nilipata mara mbili ya mama yako. Kumbuka hilo, maana watu wakimwona yeye leo na wakiniona mimi hapa juu ya saruji, hudhani nilizaliwa hivi.

Nikauza. Nikanunua gari jeupe refu lenye viti vya ngozi, la kwanza la aina yake upande huu wa Tana. Haya, la pili. Lilikunywa petroli hata likiwa limezimwa. Hotelini nilikuwa siingii nikasema "nipeni," nilikuwa nasema "wapeni." "Wapeni wote!" Wapishi wakisikia honi yangu kule darajani, wanachinja. Watu wakanipa jina, Deeqsi, yaani mkarimu, na mimi nikalivaa jina lile kama koti. Nilikuwa nikilala nalo.

Siku moja nikaendesha gari hadi Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi. Mama yako wakati huo hakuwa na duka wala lori. Ngamia wake aliwaacha kwa wachungaji, na maziwa yakiletwa asubuhi yeye huyauza sokoni kule kambini, amekaa juu ya jerikeni iliyogeuzwa, katikati ya mikokoteni ya punda, na kikombe chake cha bati cha kupimia. Nikasimamisha gari pale mbele yake, vumbi likatuvaa sote.

"Abaayo, dada yangu, ingia garini. Twende Garissa ukale kama watu."

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Anjera ya jana."

"Ya jana! Na ngamia wote wale?"

"Ngamia hawali anjera yangu, walaal. Nikila ya jana, ya leo inabaki."

Nikacheka mpaka nikaegemea gari. Na nilipoangalia pembeni, nikaona kikombe chake cha chai. Chai ya rangi! Mtu anayeuza maziwa ya ngamia soko zima, yeye mwenyewe anakunywa chai bila tone la maziwa. Mzaha huo nilikula nao hotelini miaka mitatu. "Dada yangu anafuga ngamia ili awaangalie," nilikuwa nasema, na meza nzima inapiga makofi, maana nyama ilikuwa ni yangu.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile na sikukitia akilini. Mama mmoja wa kambini alikuja kununua. Mama yako alijaza kile kikombe mpaka maziwa yakapanda juu ya ukingo, akamimina kwenye chombo cha yule mama, halafu akachota tena kidogo na kuongeza juu yake. Akaja mwingine, hivyo hivyo. Akaja mtoto na sarafu pungufu, hivyo hivyo. Sikumwona hata mara moja akimpimia mtu chini ya ukingo. Kikombe chake mwenyewe ndicho kilichokuwa cha rangi.

Pesa zangu zilikwisha kama zinavyokwisha. Sitakuchosha. Nilipiga honi darajani na hakuna aliyechinja. Nikauza gari, nikala gari, nikaja kugonga kwa mama yako. Wewe ulikuwa bado unatambaa, baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hai. Mama yako hakunikumbusha anjera wala chai. Alinipa kitanda, akanipa sahani, na alipopata lori la kwanza akanipa kazi ya kupanda nyuma na kufunga kamba. Mtu mzima, mwenye mafungu mawili, turniboi wa dada yake! Sahani ilikuwa imepimwa. Ilitosha, ila ilikuwa imepimwa, na mimi moyoni nikasema: bakhili ni bakhili tu.

Halafu kuna ile habari ya bima, ambayo mjini bado wananichekea, na ni afadhali uisikie kwangu.

Mwalimu Kendi, alipohamia mtaani kwetu, alikaa na mama yako uani akamwuliza, "Mama Hodan, hebu niambie siri yako. Mali yote hii, unafanyaje?"

Mama yako ulimi wake ni kama wangu, p ikiingia mdomoni inatoka b. Akajibu, "Mimi nabima tu."

Nilikuwa nje nafunga tairi. Nikasikia: bima! Basi hapo ndipo palikuwa na siri! Nikaacha spana chini nikaenda mjini kueneza. Nikawaambia dada yangu amewakatia ngamia wake bima, kila ngamia na kadi yake. Nilipofika soko la mifugo kadi zilikuwa na picha. Habari ikamfikia kijana mmoja wa kuuza bima, akaja nyumbani jua la saa saba, amevaa tai, na mkoba kifuani.

"Mama, nimesikia una bima ya mifugo. Ni ya kampuni gani?"

"Kambuni gani? Hii hapa." Akamkabidhi kile kikombe cha bati.

Kijana akakigeuza, akatafuta maandishi chini. "Mama, hiki ni kikombe."

"Ndio. Nabima maziwa, nabima sukari, nabima unga, nabima maneno. Wewe umetoka jua kali. Kaa chini, nabima chai yako."

Akampimia. Mpaka juu ya ukingo, na maziwa. Kisha cha pili bila kumwuliza. Yule kijana alikunywa, akafungua tai, akalala mkekani kwetu mpaka alasiri, akaondoka hajauza kitu na akimwita mama yako mama yake. Mimi nilijificha nyuma ya lori mpaka alipotoweka.

Nilichekwa mji mzima, nami nikacheka. Lakini kuelewa, abti, sikuelewa. Nilidhani kupima ni jina la adabu la kunyima.

Nilikuja kuelewa kwa maji.

Ukame ule mkubwa ulipoingia wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili. Mama yako alikuwa ameshanunua lori la tangi la maji miaka kadhaa kabla. Wanawake wa uwezo wake wakati ule walikuwa wananunua dhahabu, mkono mzima mpaka kiwikoni. Yeye akanunua tangi, na tukamcheka pia kwa hilo. Sasa mabwawa yalipokauka akalijaza na kulipeleka kwa wafugaji waliokwama mbele ya Habaswein, mbali na barabara. Sadaka. Dizeli yake, maji yake, dereva wake, na mimi juu ya tangi nimeshika mpira.

Tukifika, kabla hata ya kufungua koki, alikuwa anachora mistari mchangani kwa fimbo. Mstari huu wenye watoto wachanga, huu wazee, huu wengine. Kila nyumba jerikeni mbili. Si moja na nusu, si mbili na kikombe. Watu wanakaa chini kwenye mistari yao na kungoja. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilimwambia, "Abaayo, hata sadaka ya Mungu unaipima kama dukani?" Akasema, "Mungu ndiye wa kwanza kupima, walaal. Angalia mvua." Akaendelea kuchora.

Safari ya tatu au ya nne, wanawake walikuja mbio kumwita. Kuna mwenzao alikuwa anajifungua ndani ya kibanda na mambo yamekwama. Mama yako akanikabidhi koki.

"Mbili mbili, walaal," akasema. "Umenisikia? Mbili mbili."

"Nimesikia, mimi si mtoto."

Akaenda. Nikapima mbili mbili nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu mwanamume mmoja akanitazama vizuri chini ya kilemba changu.

"Waryaa! Si wewe ndiye Deeqsi? Wa gari jeupe?"

Abti, miaka mingapi sikuwa nimesikia jina lile. Watu wakageuka. Kijana mmoja akasema, "Deeqsi gani anapima kwa kijiko?" Wakacheka. Na mimi, mtu mzima, nikasimama juu ya tangi nikafungua koki yote.

"Jazeni!" nikapiga kelele. "Jazeni mlivyo navyo! Leo Deeqsi yuko hapa!"

Mistari ikafutika kwa miguu. Waliokuwa na nguvu wakaja na jerikeni nne, sita, mabeseni, sufuria. Watoto wakacheza chini ya mpira. Mmoja akanawa uso, akanawa na shingo. Mchanga ukawa mweusi kwa maji. Sitakudanganya, na unajua mimi kusema hivyo ni jambo kubwa: sijawahi kufurahi vile. Robo saa. Nilikuwa mfalme robo saa.

Kisha mpira ukakohoa, ukatema matone, ukanyamaza.

Ndipo nikaona waliobaki. Walikuwa bado wamekaa pale pale mama yako alipowachorea. Wanawake watano na mzee mmoja, Mzee Gedi, wamekumbatia jerikeni zao tupu. Hawakusukumana kwa sababu waliamini mstari. Nilikuwa nimewanyima walioniamini na kuwashibisha waliosukuma, na nilifanya hivyo nikiitwa mkarimu.

Mzee Gedi akainuka polepole, akaja mpaka kwenye ule mchanga uliolowa. Akaweka kiganja chini, akakibonyeza, akajipaka usoni unyevu ule. Akaniangalia bila hasira.

"Yalikuwa matamu?" akauliza.

"Nini, aabo?"

"Maji. Nauliza tu, nipate kujua."

Nimepigwa maishani mwangu na watu wenye mikono mizito. Hakuna aliyenipiga vile.

Mama yako aliporudi, mtoto amezaliwa salama, mikono yake ikiwa bado na damu, aliutazama mchanga. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikwenda kwenye kichwa cha lori akatoa maji yetu ya kunywa ya safari, yote, akachukua kikombe chake cha bati na kuwapimia wale watano na mzee, sawasawa, mpaka chombo kikawa kikavu. Tulirudi Habaswein bila tone. Ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha ngozi ya kiatu.

Maji mengine yaliwafikia siku ya nne. Mzee Gedi alikuwa amebakiwa na ngamia jike mmoja tu wa maziwa. Ngamia huyo alikufa siku ya tatu.

Habari ilipotufikia Garissa mama yako alikuwa anashona mfuko wa sukari uliotoboka. Alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno.

"Nenda kwa ngamia wetu Modogashe," akaniambia. "Chagua jike mzuri. Si mzee, si mkavu. Mwenye maziwa na ndama. Mpelekee."

"Nimpakie kwenye lori?"

"Lori lina kazi ya maji. Wewe una miguu."

Nikatembea, abti. Siku tatu na usiku wake, ngamia na ndama wake na mimi. Usiku wa pili tulizungukwa na fisi saba. Haya, watatu. Haya, sikuwaona, nilisikia kitu. Nilifika nikiwa na viatu vya vumbi tu.

Mzee Gedi alimzunguka yule ngamia mara mbili, akamshika kiwele, akaangalia meno yake.

"Huyu si ngamia wa kutoa," akasema. "Huyu ni ngamia wa kubaki naye."

"Ndiye aliyekutolea dada yangu, aabo. Ndiye mzuri kuliko wote."

"Mwambie amepima vizuri."

Akakamua pale pale, na kikombe cha kwanza akanipa mimi. Mimi! Nikakishika, na nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, neno nililotembea nalo siku tatu. Lilifika hapa kooni. Nikalimeza na maziwa, nikamsimulia habari ya fisi saba. Alicheka sana. Nikasema moyoni, nitamwambia safari nyingine.

Ndiyo siku niliyomjua mama yako, na nilikuwa na mvi tayari.

Watu wanasema kubana matumizi ni tabia nzuri. Mwalimu Kendi ananiambia neno lake la vitabuni ni uwekevu. Lakini masikini akila anjera ya jana, hiyo si tabia, ni njaa imemchagulia. Tazama mimi, leo sinunui gari, sichinji, sivai kilemba kipya, na hakuna anayenisifu, na wana haki, kwa sababu sina. Mwenye nacho akijibana, hapo ndipo tabia yake inapojulikana. Mama yako angeweza kuvaa viatu vipya kila Ijumaa mpaka kiama. Anafunga kamba ndara zake kwa sababu zinatembea bado, na haoni kama kuna la kumwambia mtu yeyote kupitia miguu yake. Mimi nilikuwa nasema na mji mzima kupitia gari langu. Yeye hana haja hiyo. Sijui aliipoteza wapi, au kama alizaliwa bila hiyo, lakini namwonea wivu kwa hilo kuliko kwa malori.

Bakhili ninamjua. Kuna tajiri mmoja, simtaji, nilialikwa kwake, akazima taa tukiwa bado tunakula ili tusione vipande vya nyama vilivyobaki. Mama yako anazima taa ya chumba chake. Umewahi kuona amezima ya wageni? Na ulipomwita mkono wa birika, nilikaa nikalitazama birika la jikoni asubuhi nzima. Mkono umejikunja, ni kweli. Lakini kule upande wa pili kuna nini, abti? Kuna mdomo, na kazi yake ni kumimina. Aliyetunga tusi lile aliangalia upande mmoja.

Simfanyi malaika. Aliwahi kukataa kubadilisha tairi mpaka likapasuka njiani na nyanya za gari zima zikaoza, thamani ya matairi kumi. Na simu ile iliyopasuka, wallahi, hapo hata mimi nasema alizidisha. Mtoto wa kwanza anaondoka nyumbani, mnunulie simu. Tena maneno nayo anayapima, na hayo ndiyo anayoyapima chini ya ukingo. Hajakuambia kwamba duka lote la Habaswein, matangi na pampu na mabomba na dawa za mifugo, ameliandikisha kwa jina lako. Angeweza kuandika la mjomba wako mwenye uzoefu mkubwa. Hakuthubutu, na ana akili. Alipotoka kuliandikisha alipita hapa stoo, akanionyesha karatasi, akasema, "Hodan ana jicho. Akiona mtu wa nyuma, anamkumbuka." Halafu akaenda kuhesabu misumari. Nilimwambia, mwambie mwenyewe. Akasema utajua ukifika.

Basi nimekuambia mimi. Kuanzia kesho kutwa mkononi mwako zitapita pesa nyingi, na watu watakuja na majina matamu. Kule wafugaji wana macho, watakuona una mkono laini, na kuna mtu atakuita jina ambalo litakufanya utake kufungua koki yote. Mimi silijui litakuwa jina gani. Wewe utalijua kwa jinsi litakavyokupasha moto masikio. Likifika, tazama kwanza nani amekaa nyuma bila kusema kitu.

Lakini hayo ni ya kesho kutwa. Nilisema nina jambo moja, na sasa nimelifikia.

Mvua iliponyesha baada ya ukame, nilirudi kule. Nilikwenda kwa hiari yangu, kwa nauli yangu, bila kutumwa. Nilikuta majivu ya moto na miiba ya boma. Mzee Gedi alikuwa amehama na familia yake, wengine wanasema upande wa mpaka, wengine wanasema aliugua njiani. Nimeuliza Habaswein, nimeuliza Modogashe, nimeuliza madereva. Nimewasimulia watu elfu habari za fisi, na neno lile moja bado ninalo, limekaa hapa, halina wa kupewa.

Mama yako hajahama. Yuko chumba cha pili. Nimemwona sasa hivi kupitia dirisha, amekaa kitandani na nguo zako mapajani anazikunja, kisha anazikunjua, anazikunja tena, na mlango wake ameuacha wazi, yeye ambaye hauachi wazi kwa sababu ya vumbi. Usimletee hotuba. Sema, "Hooyo, nilikosea." Hata ukiisema vibaya, hata ukiisema umesimama mlangoni.

Iache barua hii hapo chini, sihitaji jibu. Nenda sasa hivi, kabla hajaufunga.

Abti yako,
Dahir